Padri wangu kageuka mzushi Toulouse: uzi wa hulka za watu na mawakala wa dini kwenye Medieval II

MgumuWaRau

Wakuu, poleni na masika. Huku Rau mvua haijatuachia tangu Jumatatu, mlima umejifunika na haujulikani uliko, na wageni ndiyo hadi Juni. Mwenzenu niko ndani na Medieval II: Total War, ile ya kuendesha ufalme wa enzi za kati zamu kwa zamu. Najua ni gemu ya 2006. Mashine yangu ni ya mtumba, feni yake inalia kama mashine ya kusaga pale Mbuyuni, na hii ndiyo inayoiweza.

Nacheza Ufaransa. Zamu ya thelathini hivi, yaani mwaka 1140 kwa kalenda ya gemu, kusini kule Toulouse akazuka mzushi. Aliyecheza anakijua: kijitu cha joho, kinazunguka mkoani, asilimia ya uzushi inapanda na watu wanaanza kuwa wakorofi. Nikamwita padri wa karibu. Katoka kanisani juzi tu, uchaji wake alama moja. Nikamwamuru amkemee yule mzushi. Gemu ikaniandikia uwezekano wa kufaulu, asilimia kumi na ushee. Nikasema Mungu yupo.

Akashindwa. Zamu iliyofuata padri sina, wazushi ninao wawili.

Nikatuma wa pili. Wakawa watatu.

Papa naye si mtu wa kukaa kimya. Mkaguzi wake wa imani akaingia kwangu, yule wa kuchoma watu, akapita mji kwa mji kama watu wa leseni mwezi Januari. Zamu ya arobaini akamfikia mrithi wangu wa kiti, kijana wa nyota tano za ujemadari, aliyekuwa amekaa Marseille bila kazi akisubiri vita. Uchaji wake haukufika popote, na tayari alikuwa na hulka ya ulevi. Akachomwa. Nikafunga kompyuta nikaenda kuangalia kama maji yameingia jikoni.

Kesho yake nikafungua daftari la mistari, lile ninaloandikia oda za vyakula vya safari, nikaanza kampeni upya. Kila zamu naandika: nani, kalala wapi, kapata nini. Nimefanya hivyo zamu arobaini, na ninachokiona ni hiki: gemu inamhukumu mtu pale ulipomwacha zamu inapoisha. Jenerali aliyelala mjini bila kusogea hata hatua moja, na mji una baa, ataanza kunywa. Aliye gavana siku kanisa linapokamilika, mara nyingi uchaji unampanda. Yule unayemwacha nje na jeshi, akapigana leo na keshokutwa, anakuwa askari kweli. Sijawahi kuona mtu aliyekaa bure akaokota hulka ya maana.

Baada ya vita pia inategemea. Ukiwaachia mateka, jenerali anajenga uungwana. Ukiwachinja, anajenga kutisha. Watu wengi wanadhani uungwana ndio wa kushinda, lakini vyote viwili vina kazi. Muungwana mji wake unaongezeka watu, na askari wake wanakuwa na moyo. Wa kutisha, adui anamwona tu magoti yanalegea. Anayepata hasara ni wa katikati, leo kaachia, kesho kachinja. Mizani ni moja, kwa hiyo anabaki sifuri maisha yake yote, na hakuna anayempenda wala kumwogopa.

Mapadri ndio walionisumbua zaidi. Padri mpya ni kama mgeni uliyempokea geti la Machame asubuhi, halafu jioni unataka alale Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Atatapika tu. Sasa nawaacha. Mmoja nimemkalisha mkoa wa Toulouse tangu zamu ya tano, hana kazi nyingine, na kwenye daftari nimemwandika Padri Kimya. Wengine watatu nimewapeleka Cordoba, kwa Wamori, Waislamu wa kule Hispania, waketi pale pale na wabadilishe watu dini polepole. Uchaji unapanda wenyewe.

Swali kwenu: kuna anayejua ndani ya gemu hii mambo yamepangwaje? Au daftari langu linanidanganya?

ChaliiWaNgarenaro

"Asilimia kumi na ushee, nikasema Mungu yupo." Chalii angu, hiyo si imani, hiyo ni kubeti 😂

Halafu si ungeseivu kabla? Unakemea, ukishindwa unarudi, unakemea tena. Mimi padri wangu hajawahi kushindwa.

MgumuWaRau

Kwa hiyo padri wako ana miaka kumi kazini na hajawahi kushindwa hata mara moja. Huyo si padri, huyo ni faili.

FundiKaloleni

Mkuu Mgumu, daftari lako halidanganyi. Mimi nipo Kaloleni, Arusha, kazi yangu ni kufufua kompyuta zilizokata tamaa, na hii gemu nimeifungua hadi utumbo.

Hulka zote zinaishi kwenye faili moja la maandishi, export_descr_character_traits.txt. Wapambe, wale wanaomfuata jenerali (mganga, mhasibu, kahaba, mbwa), wana faili lao, export_descr_ancillaries.txt. Kwenye gemu ya kawaida yamefungwa pamoja na mengine, kwa hiyo unayafungua kwanza kwa kifaa chao cha kufungulia, halafu unaiambia gemu isome faili za nje kabla ya zile zilizofungwa.

Kila hulka ina ngazi, na kila ngazi ina idadi ya pointi za kufikia. Mtu halewi siku moja. Anapata pointi moja ya ulevi, hakuna kinachoonekana. Anapata nyingine, bado. Siku pointi zinapofika kwenye kizingiti ndipo unaona maandishi na alama zinashuka. Ndiyo maana watu wanasema "jenerali wangu kaharibika ghafla". Hakuna ghafla hapo, alikuwa anahesabiwa zamu zote hizo.

Pointi zinaletwa na vichocheo. Kichocheo kinasema mambo matatu: nipimwe lini (mwisho wa zamu, baada ya vita, jengo likikamilika), masharti ni yapi, na bahati ni asilimia ngapi. Kile cha kukaa bure ndicho ulichokiona wewe. Kinauliza kama mtu kamaliza zamu ndani ya mji na hatua zake za kutembea bado ziko asilimia 100. Maana yake hakusogea kabisa. Ukimtoa nje ya geti ukamrudisha ndani zamu hiyo hiyo, sharti halitimii. Mimi majenerali wangu wote wanafanya mazoezi ya asubuhi, wanazunguka ukuta wanarudi.

Kuna hulka pinzani pia. Ukipata pointi za upande mmoja zinakula za upande wa pili, na ndiyo mizani yako ya uungwana na kutisha. Halafu baadhi ya hulka zina ngazi ya kutorudi nyuma. Ukishavuka hapo, hata ukimpeleka mtu kuhiji, haishuki tena. Hiyo ndiyo ya kuogopa.

Na wapambe wasimamie. Mtu mmoja anabeba wanane tu, na wengi wanahamishika kwa mwenzake wakiwa wamesimama pamoja. Mzee akikaribia kufa, mkutanishe na kijana umhamishie watu wa maana, wasizikwe naye.

DadaSanawari

FundiKaloleni, kaka, hiyo ya kuzunguka ukuta imeniua. Ila nina swali. Kwenye kampeni yangu mtawala anaishi karne nzima na nusu, ni hitilafu?

FundiKaloleni

Hapana dada. Zamu moja ni miaka 2 ya kalenda, lakini mtu anazeeka nusu mwaka tu. Kampeni inatoka 1080 hadi 1530, zamu 225. Wangeacha watu wazeeke kwa kalenda, usingemaliza hata kumfundisha mtoto kupanda farasi. Ukichukia, kwenye descr_strat.txt kuna mstari wa timescale umeandikwa 2.00, ubadilishe. Ila ukiushusha hadi 0.50, mtafika 1530 na wajukuu zako wakiwa wanacheza wao.

MwalimuKibosho

Wanangu, nimeonyeshwa uzi huu na mjukuu. Mimi gemu sichezi, lakini historia nimefundisha miaka mingi, na mmegusa mahali pangu.

Mnasema kampeni inaanza 1080. Aliyeuchagua mwaka huo alijua anachofanya. Januari 1077 Mfalme Henry IV wa Ujerumani alisimama siku tatu kwenye baridi nje ya ngome ya Canossa kule Italia, akimwomba Papa Gregori VII amwondolee adhabu ya kutengwa. Akarudishwa kundini. Machi 1080, Papa akamtenga tena. Hapo ndipo gemu yenu inapofunguliwa, wafalme na Papa hawasalimiani.

Na wewe unayecheza Ufaransa, usilalamike sana. Mfalme wako wa wakati ule, Philip I, alimwacha mkewe Bertha akamchukua Bertrade, mke wa mtawala wa Anjou. Kwenye mtaguso wa Clermont, Novemba 1095, ule ule ambao Papa Urbano II alihubiri Vita vya Msalaba, mfalme huyu alithibitishiwa kutengwa. Wenzake wakaenda Yerusalemu, yeye akabaki nyumbani. Aliyekwenda ni mdogo wake, Hugh wa Vermandois.

Toulouse nayo haikuchaguliwa kwa bahati. Ilikuwa nchi ya Wakathari, walioamini kuwa dunia hii ya nyama na udongo ni kazi ya mwovu. Mtakatifu Dominiko alianza kuhubiri kule mwaka 1206, kwa miguu, hana makuu. Januari 1208 mjumbe wa Papa, Pierre de Castelnau, akauawa, na Papa Inosenti III akaita vita. Julai 1209 mji wa Béziers ukaangamizwa. Vita vikaenda hadi 1229, na bado mwaka 1244 pale Montségur wakachomwa zaidi ya mia mbili.

Ila mkaguzi wa kuchoma watu mwaka 1160 mmempata mapema mno. Wale wa Papa, wenye ofisi na karatasi zao, ni wa miaka ya 1230, chini ya Gregori IX. Huyo aliyemchoma kijana wako amekuja kabla ya barua yake ya ajira.

MgumuWaRau

Shikamoo mwalimu. Hiyo ya Philip sikuijua kabisa, na mimi nilimwacha akae Paris nikidhani ni mtu wa ibada.

Halafu hilo neno la kurudi kundini, kwenye gemu lipo kweli. Ukitengwa, dawa yake kuu ni mbili: mfalme afe aje mwingine, au Papa afe aje mwingine. Sisi Walutheri wa huku angalau unaita wazee wa kanisa, unasimama mbele ya usharika, yanaisha. Ingawa mama yangu ni Mkatoliki, baba ndiye Mlutheri, msiniulize nasali wapi.

MwalimuKibosho

Marahaba. Sali kote.

AkhiWaMajengo

Assalam alaykum wadau. Naona upande mmoja tu unazungumzwa. Mimi nacheza Wamisri, na nawaambia maisha ni mepesi sana. Hakuna Papa wa kukupangia nani umpige na nani usimpige. Hakuna kutengwa. Mkaguzi wa imani hana habari na wewe.

Kazi iko kwa imamu. Kanuni ya Mgumu inafanya kazi vile vile. Imamu wangu wa kwanza nilimwacha Antiokia watu walipokuwa mchanganyiko, zamu na zamu, hadi akafika uchaji wa tano, maana chini ya hapo huwezi kuitangaza jihadi. Alipofika nikaitangaza. Watu wengi wanazalisha maimamu kumi wa alama moja moja halafu wanashangaa mbona jihadi haiiti. Kumi wa alama moja hawajumlishwi.

Wazushi kwetu pia wapo, usidhani tumepona. Mkoa mpya ulioteka jana, dini yao si yako, msikiti bado hujajenga, hapo ndipo wanapoota. Mimi nikiteka mji, imamu anaingia siku hiyo hiyo, kabla hata ya kutengeneza ukuta.

Mgumu, nisamehe, lakini mapadri wako watatu wa Cordoba wanawasumbua jamaa zangu Wamori.

MgumuWaRau

Waalaykum salaam shekhe. Nitawaambia waongee taratibu.

DadaSanawari

Mimi nina maoni tofauti kidogo. Nimehamia Crusader Kings III, ile ya 2020, na nikirudi huku naona hulka za Medieval II ni kama ripoti ya shule. Unasoma kwamba mtu ni mlevi, unapunguziwa alama mbili, basi. Kule mtu akiwa mwenye huruma halafu ukamlazimisha anyonge mfungwa, anapata msongo wa mawazo, na msongo ukizidi anavunjika, anaanza vituko. Hulka inamrudi mtu mwenyewe. Kwenye Medieval II jenerali muungwana ukimwambia achinje mateka elfu, anachinja, anapunguziwa pointi, analala usingizi.

FundiKaloleni

Dada, ni kweli, ila kule hupigani vita kwa mkono wako, unaangalia namba mbili zinasukumana. Huku hulka naiona uwanjani. Jenerali wangu wa kutisha akisogea na farasi wake upande wa kushoto, naona kabisa bendera za wenzetu zinaanza kumetameta nyeupe. Hiyo mimi inanitosha.

DadaSanawari

Sawa, lakini usingizi alilala.

JiraniWaJumuiya

Samahani, mnaona ni sawa kufanya mambo ya Papa na makardinali mchezo? Mtoto wangu ana miaka kumi na tatu na jana kaniuliza namna ya kumuua kardinali.

MgumuWaRau

Pole mzazi, na una hoja. Kwenye gemu kweli unaweza kumtuma muuaji kwa kardinali wa nchi nyingine ili kiti kiwe wazi, na mimi siwezi kusema sijawahi. Kwa miaka kumi na tatu ningemwekea ya mpira.

Ila nikupe na langu ucheke. Kampeni moja ya zamani, saa saba usiku, Papa aliyenitenga akafa kwa uzee. Nikasahau nilipo, nikaruka kitandani nikapiga kelele, "Papa amekufa! Papa amekufa!" Mama akatoka chumbani na rozari mkononi, kanga imefungwa ovyo, akawasha redio. Akakaa nayo hadi saa tisa akitafuta habari. Nilipomweleza kwamba aliyekufa ni wa mwaka 1166, hakunijibu. Asubuhi sikuandaliwa chai.

ChaliiWaNgarenaro

Nimecheka hadi dereva kaniuliza kuna nini. Nipo kwenye daladala Sakina hapa 😂😂

Lakini hebu elezeni hizo kura, mimi nikiona makardinali nabonyeza tu.

FundiKaloleni

Acha kubonyeza tu. Baraza la Makardinali lina viti 13. Kiti kikiwa wazi, mapadri wenye uchaji mkubwa ndio wanaopandishwa, kwa hiyo wale uliowaacha wazeeke mahali pamoja ndio wanaoingia. Papa akifa, wagombea ni watatu, makardinali wenye uchaji wa juu kuliko wote. Kila nchi ina kura sawa na idadi ya makardinali wake. Ukiwa na kardinali mmoja, unapiga kura moja na unamwangalia Mjerumani akipiga tano.

Na chunga: wa kwako akishinda, unampoteza. Anakuwa mtu wa Papa, haupangi tena aende wapi. Unapata urafiki wa Roma, unakosa padri.

AkhiWaMajengo

Na rafiki wa Roma ukimvamia jirani Mkatoliki atakuambia acha, la sivyo. Nilisema maisha ni mepesi huku.

MgumuWaRau

Wakuu nimerudi. Umeme ulikatika siku mbili, kompyuta betri yake ni ya maonyesho tu, kwa hiyo nimekaa na daftari nikipanga kwa kalamu.

Niko zamu ya 67, mwaka 1214. Majenerali wote sasa wanazunguka ukuta asubuhi kama alivyosema Fundi, na tangu hapo hakuna mlevi mpya. Mmoja tu, kaka wa mfalme, alikuwa ameshavuka ile ngazi ya kutorudi. Nimempeleka mpakani akapigane, kama atakufa afe na heshima. Hafi.

Makardinali ninao wanne. Watatu wametoka Cordoba. Wa nne ni Padri Kimya, aliyeanza na miaka 25 na sasa ana 58, na sehemu kubwa ya miaka hiyo kaimaliza kwenye mkoa mmoja bila mimi kumwamuru kitu. Toulouse hakujazuka mzushi hata mmoja kampeni hii nzima. Uchaji wake alama tisa.

Naandika haya taratibu kwa sababu ni saa sita na nusu usiku na mama kalala: Papa amekufa.

Wagombea watatu, mmoja wao Kimya. Mimi kura nne. Mjerumani kura tatu, anamtaka wa kwake. Milano wawili, sijui wataenda wapi, mwaka juzi niliwapa binti wa mfalme waoe.

ChaliiWaNgarenaro

Usibonyeze! Seivu kwanza!

FundiKaloleni

Chalii mwache.

MwalimuKibosho

Nasubiri na mimi. Mjukuu kalala, mimi ndiye nimeshika simu.

MgumuWaRau

Milano wamekuja kwangu. Kimya ni Papa.

Nimeshangilia kwa kuuma shuka. Uhusiano na Roma umejaa hadi juu, mfalme anaweza hata kumchukua Bertrade akitaka, mwalimu.

Nimemaliza zamu. Ramani imefunguka, nikashuka kuangalia kusini. Toulouse, pembeni ya njia, kijitu cha joho.

Padri wa karibu yuko Marseille. Ana zamu mbili tangu atoke kanisani, uchaji wake mbili. Nimemsogeza hadi mkoani, nimemweka mbali kidogo na yule mzushi, na nimeandika kwenye daftari: akae.